Maazimio yaliyochapwa kabla vijana hawajaketi

Mhariri,

Imepita miaka kumi na mmoja tangu nilipokuandikia kulalamikia magugumaji, na ningeendelea kunyamaza lau kama si habari yenu ya wiki iliyopita iliyosema kuwa vijana wa Kanda ya Ziwa "wameshirikishwa kikamilifu" katika mjadala wa teknolojia na maendeleo endelevu. Nilikuwapo. Nilimsindikiza mpwa wangu, fundi wa taa za sola katika mwalo wa Igombe, pale wavuvi wa ziwani wanapoegesha mitumbwi, na kwa kuwa picha mliyochapisha inamwonyesha akicheka, naomba niwaeleze wasomaji alikuwa akicheka nini.

Kijana huyu ana miaka 23. Wavuvi wa dagaa walipoanza kuacha karabai na kuhamia taa za sola, yeye na wenzake ndio waliojifunza kuzifungua, kubadili betri na kuunga nyaya, bila semina ya mtu. Ndio pia wanaoziona betri zilizokufa zikirundikana nyuma ya vibanda, nyingine zikiishia majini. Kwa mwezi mzima aliziandika katika daftari: ngapi zimeletwa, ngapi zimetengenezeka, ngapi hazina pa kupelekwa, na alikwenda na daftari hilo akiamini kuwa ndilo aliloitiwa. Tulifika saa mbili. Mkutano ulianza saa nne, mgeni rasmi alipowasili, na mlangoni kila mtu alikabidhiwa mkoba wenye kalamu, chupa ya maji na maazimio. Ndiyo, Mhariri, maazimio, yamekwisha kuchapwa kwa rangi, na azimio la tano likitamka kwamba vijana wametoa maoni yao, ilhali kijana mwenyewe alikuwa bado anatafuta pa kuketi, kwa sababu viti vya mbele vilivyobandikwa neno "Vijana" vilikuwa vimekaliwa na watu ambao, nikizitazama mvi zao, huenda nilisoma nao. Aliponyoosha mkono kuuliza betri hizo zipelekwe wapi, aliambiwa aandike swali lake kwenye karatasi. Kisha mpiga picha wenu akamwomba ashike kipaza sauti, kilichokuwa kimezimwa, na atabasamu. Hapo ndipo alipocheka.

Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Mwaka 1992, mataifa yalipopitisha kule Rio de Janeiro Ajenda 21, mpango wa utekelezaji wa Umoja wa Mataifa ambao sura yake ya 25 inahusu watoto na vijana katika maendeleo endelevu, mimi nilikuwa mwalimu mpya mwenye umri uleule alionao mpwa wangu leo, na tuliambiwa kuwa zamu yetu imefika. Nashuku wenzangu hawajaambiwa kuwa imekwisha.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema: ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana, kikundi cha mpwa wangu kimeiomba mtandaoni mara tatu, na mara zote mtandao umekatika wakati wa kupakia katiba ya kikundi. Alipokwenda ofisini kueleza, aliambiwa arudi akajaze mtandaoni. Angeulizwa kijana mmoja tu wa mwaloni kabla mfumo huo haujabuniwa, angeshauri fomu iweze kujazwa kwenye simu bila intaneti na kutumwa mtandao unaporudi.

Napendekeza mkutano ujao ufanyike mwaloni Igombe, siku za mwezi mpevu, kwa kuwa mbalamwezi ikiangaza taa hazivuti dagaa na wavuvi wengi huwa nchi kavu. Mlangoni awepo mtu wa kukagua vitambulisho vya taifa, na kila aliyezaliwa kabla ya mwaka 1990 akalie ndoo nyuma kabisa, nami nikiwamo. Mikoba igawiwe ikiwa mitupu. Wa mgeni rasmi utiwe betri moja iliyokufa, aondoke nayo, kisha atuandikie kupitia gazeti hili ameipeleka wapi.

Mwalimu,
Ilemela, Mwanza