Bangi juu ya methadoni: tuambieni kabla hatujawapa dawa

Juzi mama mmoja alikuja kwenye zahanati yetu, Mwanakwerekwe, akaomba erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, ya mwanawe anayekohoa. Huku anahesabu pesa akasema, "Alhamdulillahi, unga keshaacha. Kila siku anakwenda Kidongo Chekundu kunywa methadoni. Kibangi tu ndio hakijamtoka."

Nikairudisha pakiti rafuni. "Mama, hapati kizunguzungu?"

Akafikiri. Wiki iliyopita kijana alianguka msalani, wakadhani ni njaa.

Methadoni, dawa wanayopewa walioathirika na unga, yaani heroini, ili waiache, ni dawa njema, na tangu huduma ianze hapa Unguja mwaka 2015 tumewaona vijana waliokatiwa tamaa wakirudi baharini na kwenye familia zao. Lakini huchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo. Ukichelewa mno, pigo linalofuata linaweza kuukuta moyo haujawa tayari, ukatetemeka badala ya kusukuma damu. Mtu huzimia, na anaweza asiamke. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hili mwaka 2006.

Bangi nayo huongeza kasi ya mapigo ndani ya dakika chache, na mtu akisimama ghafla presha inaweza kushuka. Baadhi ya kemikali zake huweza pia kulizuia ini kuivunja methadoni, ikajaa mwilini bila dozi kuongezwa. Erithromaisini hufanya hivyo hivyo na yenyewe inachelewesha umeme wa moyo. Kijana yule angebeba vitatu kwa pamoja. Kutapika na kuharisha huzidisha hatari, kwa sababu mwili hupoteza potasiamu.

Tunapima umeme wa moyo hapahapa. Unalala, tunakubandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, inatoka karatasi ya visanduku vidogo, kila kimoja milisekunde 40. Tunahesabu muda tangu umeme wa pigo uanze mpaka ujipange upya, tunarekebisha kwa kasi ya mapigo. Muda huo ukizidi milisekunde 500 hatukuachi urudi nyumbani, tunakupeleka hospitali.

Hatumripoti mtu kwa bangi. Tunauliza ili tusikupe dawa ya kukudhuru. Na tafadhali, methadoni usiiache mwenyewe kwa hofu: arosto, yale mateso ya kukosa dawa, itakurudisha kwenye unga, na unga unaua haraka zaidi. Zungumza na wanaokupa dozi.

Kijana wa yule mama amekuja kupimwa. Nawe ukija, njoo kama masaa matatu baada ya kunywa dozi, wakati dawa imepanda kwenye damu.