Malalamiko kuhusu simenti iliyoachwa chini ya ufizi wangu na lugha ya dharau niliyotolewa nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Faili langu mnalo, picha za eksirei mnazo, na utaratibu wenu wa kupokea malalamiko mmeubandika wenyewe ukutani pale mapokezi, kwa hiyo sitapoteza muda wenu wala wangu kueleza mimi ni nani na nilifikaje kwenu. Naandika kwa heshima. Naomba heshima hiyo isichukuliwe kuwa ni woga.

Nataka mambo mawili. Mnirudishie pesa yote niliyolipia taji, yaani kofia ya kufunika jino, la gego langu la chini upande wa kulia, na daktari aliyenihudumia aniombe radhi kwa maandishi. Nawapa siku 14.

Siku niliyorudi kwenu ufizi ukiwa umevimba na kutoa damu kila ninapougusa, sikuja kugombana, nilikuja kutibiwa. Daktari wenu akanilaza kitini, akaniwekea bomba la kunyonya mate, akachungulia mara moja kwa kile kioo kidogo na kutoa hukumu: "Huu ni uchafu, Mama. Hupigi mswaki." Nimeachama, bomba linanguruma mdomoni, ningejibu nini? Akachukua chuma chenye ncha iliyopinda akaanza kukwangua shingo ya jino langu bila sindano ya ganzi. Nilipoinua mkono kumwashiria kwamba naumia, aliushika mkono wangu akaushusha, akasema, "Tulia. Ungekuwa unapiga mswaki tusingefika hapa." Kisha akawaita vijana waliokuwa mafunzoni waje wamwone mgonjwa asiyejali kinywa chake.

Mmoja wa vijana wale nilimfundisha biolojia sekondari.

Uchafu wenyewe ulikuwa simenti yenu, ile mliyobandikia taji kwenye jino. Daktari mwingine, wa kituo kisicho na uhusiano wowote na ninyi, aliitoa chini ya ufizi upande wa ulimi: kipande cheupe, kigumu, kikubwa kama punje ya mtama, kingo zake zinakwaruza kidole. Ninacho kwenye kichupa. Mkitaka kukiona mtakiona, ila hakitatoka mkononi mwangu.

Mhudumu wenu wa simu aliniambia kwamba "simenti kubaki kidogo ni jambo la kawaida". Kufurika ndiko kwa kawaida. Taji likikandamizwa, simenti lazima ifurike pembeni, na inayofurika huondolewa. Viwango vya kimataifa vinataka simenti za kubandikia za zinki fosfeti na za glasi ayonoma ziweze kutandazika hadi unene usiozidi maikromita 25, yaani milimita moja ukiigawa mara arobaini. Hicho ndicho kiasi ambacho watengenezaji wanapigania kati ya taji na jino. Ninyi mmeniachia punje, tena mahali ambapo haikupaswa kubaki hata chembe.

Na kila simenti ina wakati wake wa kusafishwa, jambo ambalo sidhani kama ni kazi ya mwalimu wa biolojia kuwakumbusha. Glasi ayonoma husubiriwa ifikie hali ya kuvutika kama mpira ndipo ziada ibanduliwe. Resini, ile simenti ya jamii ya plastiki, humulikwa kwa taa sekunde chache tu, ziada inabanduliwa ikiwa bado laini, uzi wa meno unapitishwa pande zote mbili, halafu ndipo taa inarudishwa kuikamilisha. Ukiiacha resini ikauke moja kwa moja, umejitafutia kazi ya patasi. Ankara yenu inasema niliwekewa resini. Siku ile taa iliwashwa, simu ya daktari ikaita, akapokea. Taa ikaendelea kumulika, mazungumzo yakaendelea. Alipomaliza alipitisha kidole pembeni mwa jino akasema, "Safi." Uzi wa meno sikuuona.

Tena kwa kuwa nimeigusa hiyo ankara, kuna jingine. Taji la muda lilikuwa limeshikiliwa na ile simenti ya zinki oksaidi na mafuta ya karafuu. Mlilitoa, na muda mfupi baadaye taji la kudumu likawa linakandamizwa mahali pake. Nilikuwa bado naonja karafuu kwenye ulimi! Dawa iliyomo kwenye mafuta hayo, yujenoli, huzuia resini kukauka vizuri, ndiyo maana jino hutakiwa kusafishwa kikamilifu kwanza. Je, lilisafishwa? Nimeuliza kwa simu, nimeuliza kwa barua pepe, nikaambiwa suala langu "linafanyiwa kazi". Na nani? Tangu lini?

Mtaniambia eksirei ilikuwa safi. Mmeshaniambia. Eksirei ya jino ni picha bapa: kilichokaa upande wa shavu au wa ulimi kinajificha kwenye kivuli cha jino lenyewe, na zipo simenti ambazo hata zikiwa pembeni wazi hazionekani vizuri kwenye picha. Daktari wenu analijua hili. Kama halijui, basi tatizo lenu ni kubwa kuliko langu.

Sasa nije kwenye mzizi, maana simenti imeshatoka lakini mlichokikwangua hakirudi kirahisi. Mzizi wa jino umefunikwa na sementamu. Hapo shingoni, jirani na enameli, lile ganda gumu la nje la jino, tabaka hilo huwa na unene wa maikromita 20 hadi 50 hivi. Humo ndimo zinamojikita nyuzi za Sharpey, zinazolishika jino kwenye mfupa wa taya. Sementamu ni laini kuliko enameli, laini hata kuliko dentini iliyo chini yake, na haina mishipa ya damu. Seli zake huongeza tabaka jipya taratibu mno, na haijibomoi na kujijenga upya kama mfupa. Kwa watu wengine tabaka hilo halifiki hata kukutana na enameli, dentini inabaki wazi tangu mwanzo. Ndiyo sababu mzizi husafishwa kwa mkono mwepesi. Ukikwangua kwa hasira unafungua vijitundu vya dentini, na ubaridi wa maji unashtua kupitia humo mishipa ya fahamu iliyo kwenye kiini cha jino. Mimi leo nakunywa maji kwa upande mmoja wa mdomo.

Sementamu haina mishipa ya fahamu pia. Kwa hiyo ule mshtuko ulionifanya niinue mkono haukutoka kwenye sementamu yenyewe, na daktari wa pili alinieleza bila kuzungusha: chuma kilikuwa kimeshapita sementamu na kuingia kwenye dentini. Mkono wangu ulikuwa unampa taarifa ya kitabibu. Akaushusha.

Narudia tukio lile, asije mtu akasema sikueleweka. Nimelala chali, taa iko usoni. Msaidizi ameliacha bomba likining'inia pembeni mwa mdomo, ameenda mlangoni, na mate yenye damu yananitiririkia shingoni. Chuma kinapita juu ya mzizi. Sauti yake haiji kwa njia ya masikio, inasikika ndani ya fuvu, krrr, krrr, halafu kinateleza na mwili mzima unashtuka. Nainua mkono. Mkono unakamatwa, unashushwa, unabanwa kwenye mkono wa kiti na kuwekewa uzito. "Tulia." Nafumbua macho, vijana wameniinamia. Binti mmoja amevaa barakoa lakini macho yake nayajua. Asubuhi ile ile pale mapokezi alikuwa ameniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu, hongera kwa kufika huku." Sasa anaonyeshwa mdomo wangu na kuambiwa: "Mnaona? Hivi ndivyo watu wazima wanavyoozesha meno kwa uvivu." Wenzake walicheka. Yeye aliangalia chini.

Mchoro wake wa kwanza wa jino, wenye enameli, dentini, sementamu na ufizi, binti yule aliuchora kwenye daftari nililolisahihisha mimi.

Kisha nikapewa kikombe cha maji nisukutue, nikateremshwa kitini, nikaelekezwa dirisha la malipo kulipia "usafishaji wa meno". Nililipa. Mlinitoza pesa kwa kunikwangua mzizi mkitafuta uchafu ambao ni bidhaa yenu, na hamkuupata!

Nilipoomba kuonana na msimamizi, niliambiwa yuko kwenye kikao. Nilipopiga simu, niliambiwa niandike. Nilipoandika, niliambiwa nifike. Nilipofika, dada wa mapokezi alifungua faili langu akasoma kwa sauti, mbele ya watu waliokaa kwenye foleni: "Mgonjwa ana usafi duni wa kinywa." Hayo maneno yameandikwa kwenye faili langu la matibabu. Yatasomwa na kila daktari atakayelifungua baada ya leo, pamoja na watu wa bima.

Kwa sababu hiyo yale mambo mawili niliyoyataja mwanzo hayatoshi tena. Nataka pesa ya taji, nataka pesa ya huo mnaouita usafishaji, na nataka mnilipe gharama yote ya kutibiwa ufizi na mzizi kwa daktari wa pili, ikiwemo ya huko mbele, kwa sababu taji lenyewe ameshauri litolewe na kubandikwa upya baada ya ufizi kupona. Nataka nakala ya faili langu lote, pamoja na picha, na maandishi yanayoonyesha ni simenti gani ilitumika, namba ya toleo lake na tarehe yake ya kwisha muda. Yale maneno kuhusu usafi wa kinywa changu yafutwe, na pembeni yake iandikwe sababu ya kufutwa. Radhi sitaki ya maandishi peke yake. Daktari yule aitoe mbele ya vijana wale wale aliowaita, binti yule akiwepo, na aeleze wazi kwamba kilichokuwa chini ya ufizi wangu kilikuwa simenti aliyoisahau yeye.

Na msinitumie ile barua yenu ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haukujitokeza, ulifanywa, na aliyeufanya ana jina na namba ya usajili, vyote vimo kwenye ankara.

Nilisema siku 14. Nimeisoma barua hii tangu juu na nimebadilisha mawazo: nawapa siku 7 tangu mtakapoipokea na kusaini kitabu cha kupokelea. Siku ya nane malalamiko haya yatapelekwa rasmi kwenye baraza linalosimamia madaktari wa meno, yakiwa na picha za kipande cha simenti, ripoti ya daktari wa pili na ankara zenu zote mbili. Fidia ya maumivu na ya kudhalilishwa sijaitaja hapa. Hiyo ataitaja wakili.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mgonjwa wenu wa zamani
(jina kamili na namba ya faili vimo kwenye bahasha)

Nakala:
Mkuu wa kitengo cha huduma kwa wateja, ambaye hajawahi kupokea simu yangu
Kampuni ya bima inayonilipia matibabu
Daktari aliyetoa kipande cha simenti, kwa kumbukumbu zake
Wakili wangu, ambaye ameshaisoma