Asante dada wa maktaba

Dada uliyekuwa maktaba Jumamosi, jina sikukuuliza ila asante sana jamani, ulimwona mwanangu anarudisha kila kitabu ukamtolea kile cha vichekesho cha watu wabaya maarufu, wa kweli na wa hadithini, na mpaka leo hakimtoki mkononi! Anacheka mpaka machozi Kapteni Hook wa hadithi ya Peter Pan akimkimbia mamba mwenye saa tumboni, halafu haramia wa kweli Blackbeard, aliyeuawa 1718, eti alikuwa anachomeka nyuzi za kufuka moshi chini ya kofia ili atishe watu. Na Nero, mtawala wa Roma ya kale, kumbe hakupiga fidla Roma ikiungua mwaka 64 kama wasemavyo watu, fidla zilikuwa hazijabuniwa bado, hilo hata mimi limenifurahisha mno. Sasa anasoma mwenyewe, kwa sauti. Mungu akubariki dada yangu.