Wagonjwa wa thairoidi waelezwe namna ya kumeza dawa

Mhariri,

Dada yangu alichoka, akanenepa, akawa anasikia baridi mchana wa jua kali hapa Dar es Salaam. Kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoichochea tezi ya thairoidi) kilionyesha tezi hiyo ya shingoni inatoa homoni kidogo mno, akaandikiwa levothairoksini, dawa ya kujazia homoni hiyo. Miezi ikapita bila nafuu. Kumbe alikuwa akiimeza baada ya chai, tena pamoja na vidonge vya madini ya chuma! Hakuna aliyemwambia kwamba humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na vidonge vya chuma au kalsiamu visubiri muda wa saa nne baada yake.

Wafamasia, tafadhali lielezeni hili pale pale dirishani. Madaktari nao warudie kipimo cha TSH wiki 6 hadi 8 baada ya dawa kuanza, na uchovu ukigoma kuisha wapime vitamini B12, kwani upungufu wake nao huchosha.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam