Nimemdhamini kijana, naye hawezi tena kupanda pikipiki

Ndugu mshauri,

Naandika kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Mimi ni mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda kisicho mbali na Rangi Tatu. Naomba ushauri wako, na wa wasomaji wenzangu, kuhusu kijana mmoja wa kijiweni kwetu ambaye tangu mwenzake afariki barabarani hajaweza kuendesha tena. Nitamwita Hamisi, ingawa si jina lake. Ana miaka 20. Kinachonitesa ni kwamba ushauri wowote nitakaompa unagusa mfuko wangu, na kila nikitaka kumwambia neno najiuliza kama nasema kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Nieleze kwanza tunavyoishi. Vijana wetu wengi wametoka Mtwara na Lindi. Mabasi ya kusini yanashusha hapa Rangi Tatu, kijana anateremka na begi lake, anamtafuta ndugu au mtu wa kijijini kwao, na baada ya muda unamkuta kijiweni akifanya deiwaka, yaani kushika kwa siku pikipiki ya mwenzake. Akionekana mwaminifu anatafutiwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, wa kumpa mkataba. Kwetu mkataba wa kawaida ni hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa mwaka na miezi kadhaa, ukimaliza pikipiki inakuwa yako. Unaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, na lazima awepo mdhamini mwenye makazi yanayojulikana. Sasa kijana ambaye wazazi wake wako Newala atamtoa wapi mdhamini Mbagala? Anakuja kwangu. Nimewadhamini kadhaa, na namshukuru Mungu hakuna aliyenikimbia. Hamisi ni mmoja wao, na mkataba wake amekwisha kuulipa zaidi ya nusu.

Ajali ilitokea usiku katika Barabara ya Kilwa. Walikuwa wanarudi nyumbani, kila mmoja na pikipiki yake, marehemu mbele na Hamisi nyuma. Lori likaingia barabarani bila kusimama. Hamisi ndiye aliyekaa naye pale chini mpaka watu wakafika, ndiye aliyeongozana naye hospitali, na ndiye aliyenipigia simu. Zaidi ya hapo sitaeleza.

Msiba ule vijana waliubeba. Usiku uleule walikuwa wamekwisha kuchangishana, katibu akiandika majina kwa mwanga wa simu. Mwili ulipoondoka kwenda Newala waliusindikiza kwa msafara wa pikipiki mpaka Kongowe, honi zikilia njia nzima, na wengine wakaendelea na kosta hadi kaburini. Watu wazima wa mtaa waliwasifu sana. Lakini nimelifikiria jambo moja tangu siku ile. Kazi zote za msiba tunawapa vijana: kufunga turubai, kuchota maji, kubeba jeneza, kuchimba kaburi. Sisi wakubwa tunakaa kwenye mkeka, watu wanakuja kutupa pole. Wao nani anawapa pole? Waliporudi kutoka Newala, kesho yake alfajiri simu za hesabu zilikuwa zinaita.

Na hapo ndipo kijiwe kilipoharibika. Vijana waliokuwa watulivu wakaanza kukimbiza pikipiki usiku kama wanashindana. Bangi, ambayo ilikuwa ya mmoja wawili wanaojificha, sasa inavutwa wazi. Mmoja nilimkamata amepakia mshikaki, abiria wawili nyuma, na yeye mwenyewe hana kofia ngumu. Nilipomkemea akaniambia, "Mwenyekiti, mbona yule alikuwa nayo na haikumsaidia?" Nilimjibu kwamba kofia haimkingi mtu na kila kitu lakini inawarudisha wengi nyumbani, na kama ana shaka twende wote Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili akaone waliolazwa na kusikia wenyewe wanasema nini. Alinyamaza. Nilijua haulizi habari ya kofia.

Hamisi yeye hakimbizi na havuti. Anakuja kijiweni kabla ya jua, anaifuta pikipiki vizuri, anaiwasha, anasikiliza injini, anazima. Abiria akija anamwita mwenzake amchukue. Lori likipiga honi barabarani anasimama ghafla, kisha anakaa tena kama hakuna kilichotokea. Anayeishi naye chumba kimoja anasema usiku halali, na akilala anaamka anapiga kelele. Amekonda. Nyumbani kwao hapigi simu, wakipiga haipokei.

Wenzake wanampenda, lakini dawa yao ni moja: apande tu, atazoea. Siku moja walimkalisha kwenye pikipiki kwa nguvu, mmoja mbele na mwingine nyuma, eti wamtoe hofu. Alitetemeka mpaka akatapika. Niliwazuia na nikapiga marufuku mchezo huo. Kuna waliosema kwamba mwanaume aliyetoka jandoni halii wala haogopi. Mimi nimepita jando hilohilo, na nakumbuka kwamba kule kila mtoto alikuwa na mtu wa kumtazama usiku na mchana mpaka apone. Hakuna aliyeachwa auguze kidonda chake peke yake. Hilo ndilo nililowaambia.

Nilimpeleka kwa ustadhi wa mtaa, akasomewa dua, akapata kulala usiku ule. Sidharau hilo hata kidogo na tutaendelea nalo. Halafu nikamshawishi twende hospitali ya rufaa ya Temeke, kliniki ya afya ya akili. Alikataa katakata, "Mimi si chizi." Nikamwambia hakuna aliyesema ni chizi, tunakwenda kwa sababu halali wala hali, basi.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mtu mzima na alizungumza naye kama mama na mwanawe. Alimweleza kwamba mtu akiona kifo cha namna ile, wiki za mwanzo kuota, kushtuka na kukwepa mahali pa tukio ni jambo linalowapata wengi, na mara nyingi linapungua lenyewe akiwa na watu wake karibu. Likipita mwezi na bado linamzuia kazi na usingizi, hapo anahitaji matibabu, na matibabu yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, hatua kwa hatua, kwa vikao kadhaa. Sisi tulikuwa tumeshapita mwezi. Akamuuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Mimi nilishtuka, nikaona kama anamtia wazo kichwani. Baadaye aliniambia kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema kama analo. Hamisi alisema hapana, na namwamini, lakini tangu siku hiyo namuuliza mwenyewe kila baada ya siku chache, na yule anayeishi naye chumba nimemwomba aniite saa yoyote ya usiku. Agizo lingine lilikuwa tusimlazimishe kusimulia ajali na tusimlazimishe kupanda. Akitaka kusema, tumsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza.

Kwa hiyo upande wa matibabu njia imeonekana, ingawa nisipokwenda naye haendi. Shida ni kwamba watu hawampi nafasi ya kupona.

Dereva wa lori alikamatwa na kesi ipo mahakamani. Shahidi mkubwa ni Hamisi. Gari lolote barabarani kisheria lazima liwe na bima ya kulinda watu wengine, na familia ya marehemu inategemea ushahidi ule ili idai fidia. Mama wa marehemu anampigia simu kutoka Newala, kwa upole kabisa, anamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye jicho langu, usije ukaniacha." Kila anapoitwa kutoa maelezo anarudi amevurugika, siku mbili tatu hasemi na mtu. Nani atamwambia mama yule amwache kijana apumzike? Mimi siwezi.

Baba yake Hamisi anataka arudi nyumbani. Msimu wa korosho unakaribia, mikono inahitajika shambani, na mzee anasema mji umekwisha kumla mtoto wa jirani, hataki umle na wa kwake. Namwelewa. Lakini Newala ndiko kaburi liliko, na huko kila atakayekutana naye atamuuliza ilikuwaje. Na kliniki itaishia hapo.

Tajiri naye anataka hesabu yake. Kwa muda tuliweka deiwaka kwenye pikipiki, hesabu ikawa inakwenda ingawa kwa kusuasua. Sasa tajiri amesema hataki, kwa sababu pikipiki alimkabidhi Hamisi na deiwaka wanaichakaza. Mkataba unasema hesabu ikisimama anaichukua pikipiki, kilicholipwa hakirudi, na malimbikizo anayalipa mdhamini. Mdhamini ni mimi. Nina watoto wawili sekondari, na kipato changu ni pikipiki moja ninayoendesha mwenyewe. Mke wangu hajanilaumu, lakini ameniuliza tutalipa na nini, na sikuwa na jibu.

Mnaona ilivyo. Wenzake wanataka apone ili kijiwe kirudi kama zamani. Tajiri anataka apone alete hesabu. Baba anataka mikono ya shambani, mama wa marehemu anataka shahidi. Na mimi, ninayemwita mwanangu na kukaa naye kwenye benchi la kliniki, nataka apone ili pikipiki yangu isiuzwe kulipa deni. Kila mmoja wetu anamhitaji mzima kwa sababu yake mwenyewe, na naamini yeye anaiona hivyo hivyo. Juzi aliniambia, "Mwenyekiti, nitapanda tu, usije ukadaiwa kwa ajili yangu." Nilimkatalia. Lakini moyoni kuna kitu kilichofurahi kusikia vile, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Angekuwa na miaka 17, Sheria ya Mtoto ya 2009 ingemhesabu mtoto, ingekuwepo na namba 116 ya simu ya watoto, ya kupiga bure, na afisa ustawi wa jamii angemfuatilia kwa jina hilo. Ana 20. Mbele ya tajiri, polisi na mahakama ni mtu mzima anayejitegemea. Kwa tunaomwona kila siku, ni mtoto aliyekaa na rafiki yake barabarani usiku akimwona anaondoka.

Kwa kijiwe kizima nimeanza mambo mawili. Jioni moja kila wiki tunakaa kabla ya zamu za usiku, bila mahubiri, tunaulizana hali. Mwanzoni walicheka na kutazama simu. Sasa kuna wanaosema, na yule aliyenijibu habari ya kofia ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia. Jambo la pili, tunaandika katiba ya kikundi ili tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hauna riba. Kijana mwenye pikipiki yake au ya kikundi anaweza kukaa nyumbani wiki nzima akiuguza moyo bila kunyang'anywa alichokwisha kulipia. Lakini mkopo huo una safari ndefu ya kamati na vibali, na hautamkuta Hamisi kwa wakati.

Ninaomba mnisaidie hapa. Je, nimpeleke tajiri serikali ya mtaa tuombe mkataba usimamishwe kwa miezi kadhaa, wakati maandishi hayasemi lolote kuhusu ugonjwa? Kuna mtu aliyewahi kufanikiwa katika hilo, na alikwenda na karatasi gani mkononi? Je, cheti cha kliniki kinafaa, au kitamwandama kijana kesho akitaka mkataba mwingine?

Kuhusu ushahidi, je, inawezekana kumwomba mwendesha mashtaka amchukulie maelezo yake kwa mara moja, akiwa na mtu wake karibu, badala ya kuitwa na kuitwa tena? Wanaofahamu taratibu za mahakama naomba waseme.

Na la mwisho ndilo zito kwangu. Mtu ambaye deni lake limefungwa na afya ya kijana, anafaa kuwa ndiye mshauri wake? Nimefikiria kumtafuta mtu mwingine mzima asiyemdai chochote wala kutarajia chochote kwake, awe ndiye wa kukaa naye na kwenda naye kliniki, mimi nibaki na habari za tajiri tu. Lakini naogopa atadhani nimemtupa, naye hapa mjini hana mwingine. Nimwambie wazi kwamba nami nina hofu ya deni, au nilibebe kimya mpaka apate nguvu?

Tajiri amekubali kusubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Mwenyekiti wa kijiwe,
Mbagala, Dar es Salaam