Kwako mdogo wangu, kuhusu ile senti 20 uliyoisugua

Mdogo wangu,

Tangu tumzike baba hatujakaa tukazungumza, na sababu unaijua. Nikifumba macho nakuona: mswaki mkononi, dawa ya meno imetapakaa mezani, ile sarafu ya fedha ya Marekani, senti 20 ya 1875, inang'aa kama sufuria mpya. Ukaninyooshea huku unatabasamu.

Hukujua umeshika nini. Seneta John P. Jones wa Nevada aliipigania kwa sababu magharibi mwa Marekani chenji ndogo ilikuwa adimu: ukilipa robo dola kwa kitu cha senti 10, unarudishiwa senti 10 tu. Sheria ikapita 1875. Lakini wakaifananisha mno na robo dola, mwanamke aliyeketi huku, tai kule, upana wake milimita 22, wa robo dola 24.3. Watu wakazichanganya, wakaichoka, na 1878 ikafutwa.

Ungeniuliza ningekuonyesha. Pitisha ukucha ukingoni: robo dola ina meno, hii ni laini. Kwenye mizani, gramu 5. Neno LIBERTY kwenye ngao limeinuka, ndiyo maana hulika mapema. Kwenye robo dola limezama. Mswaki wako ulipita hapo hapo. Izungushe chini ya taa moja uone michirizi ilivyojaa, na hiyo haifutiki. Ule weusi ulioudhania uchafu ndio uliokuwa ngozi yake.

Nakupenda, na zimebaki nyingine kwako, basi nisikilize. Shika ukingoni. Zitoe kwenye vifuko laini vya plastiki. Vingi hutoa utelezi wa kijani unaokula madini ya fedha. Ukiuona, loweka sarafu kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, dirisha wazi, mbali na moto. Usisugue, iache ikauke yenyewe. Na ukiletewa ya 1876 yenye CC chini ya tai, alama ya kiwanda cha sarafu cha Carson City, usikimbilie kununua: zilipigwa 10,000, karibu zote zikayeyushwa, na matapeli hubandika herufi hizo. Kwenye ya kweli, LIBERTY imejirudia, kama kivuli.

Unalalamika kwamba nilikufokea mbele ya wageni. Nilikufokea, kweli. Lakini nilishakukataza mara mbili, na wewe ulisubiri nitoke. Yetu ina S, ya kiwanda cha San Francisco, zilipigwa zaidi ya milioni moja, silii bei. Baba aliitunza na weusi wake.

Usiipeleke kwa sonara. Irudishe kwenye kasha lile gumu, iache. Rangi itaanza kuirudia taratibu.