Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matembezi ya Sanje na Mengineyo

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mmeshazisikia kwa mhazini. La kwangu ni kuwakumbusha tu wenye ada za nyuma. Nafasi iliyobaki naitumia kwa matembezi ya Sanje, kwenye maporomoko ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, maana ndiyo yaliyokula fungu kubwa na ndiyo yaliyozua maneno.

Wapo waliouliza: sisi watu wa Morogoro, Uluguru iko mgongoni petu, tunafuata nini Udzungwa? Swali ni la haki. Hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, huioni ukiwa umekaa kwenye gari. Ni ya miguu. Chama cha watembeaji kisipoifika, kifike wapi?

Tulivuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, tukalipia na kupewa mwongozaji Mang'ula, tukaanza kupanda kutokea Sanje. Msitu ni mzito, na kivuli chake kilituokoa. Mbega wekundu walituonyesha mikia tu. Mangabei wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 na ambaye nje ya milima hii hayupo, tulimtafuta wee, hola. Maporomoko yanashuka kwa mafungu matatu, jumla mita 170. Vijana walijitosa majini bila kuuliza ubaridi. Wengine tulilowesha miguu, ikatosha. Pale miti inapoachia, Bonde la Kilombero lote liko chini yako, na mashamba ya miwa hadi macho yanachoka. Mito ya milima hii, ipite Kilombero au Ruaha Mkuu, huishia Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Pale juu nilimsikia mjumbe mmoja aliyepinga safari akiuliza tutakuja tena lini.

Kasoro ilikuwa mwendo. Wazee na vijana katika msafara mmoja ni kuwatesa wote. Kamati inapendekeza safari ijayo tugawanyike: wenye magoti ya kulalamika waende maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu ya hifadhi, njia fupi isiyo na ukorofi, wengine wapande Sanje. Iwe kati ya Juni na Oktoba. Masika njia zinateleza, na hilo sitaki kulijadili tena.

Pendekezo hili litapigiwa kura baada ya chai. Wenye madeni ya ada, kwa mujibu wa katiba yetu, watasikiliza tu.

Mwenyekiti